Kabati la Nyaya Katika Chumba cha Mke Wangu

Mke wangu alianguka Jumatano moja jioni, akienda kuwasha taa. Mimi nilikuwa kanisani kwenye maombi ya katikati ya wiki. Jirani alikuja na bakuli la maziwa mgando akapiga hodi. Sebule ilikuwa imeanza kuingia giza, na swichi yetu ilikuwa ng'ambo ya chumba, ubavuni mwa mlango. Tangu alipopata kiharusi, mguu wake wa kushoto haumtii, na mkono wa upande huo hushika vitu kwa kusitasita. Akainuka kwenye kiti chake cha magurudumu, akashika ukuta, akapiga hatua tatu. Ya nne ilimshinda.

Mlango wa mbele ulikuwa na komeo juu, kwa ndani. Wa nyuma nilikuwa nimeufunga kwa kufuli nikaondoka na ufunguo mfukoni. Niliporudi nilimkuta jirani amesimama dirishani na bakuli lake, anaongea naye, na mke wangu yuko sakafuni anamjibu.

"Usiite watu," alikuwa anamwambia. "Nimekaa tu chini, sijafa."

Hakuvunjika mahali, na namshukuru Mungu kwa hilo hadi leo. Lakini habari ilifika Mwanza kabla sijafikiri namna ya kuipeleka. Mwanetu mkubwa, anayeishi huko, alipiga simu asubuhi yake.

"Tata," aliniita, kama watoto wetu wote wanavyomwita baba yao, "mama anakuja kukaa kwangu. Nyumba yangu haina ngazi, kuna mtu wa kumwangalia, na hospitali iko karibu. Nakuja kumchukua."

Yote aliyosema yalikuwa kweli. Mama yake alikuwa anasikiliza, maana simu ilikuwa imewekwa sauti ya nje. Alisubiri mpaka mtoto akakata.

"Nimezaa hapa na nimezika hapa," akasema. "Mwanza nitakaa dirishani naangalia mageti ya watu." Kisha akageuza kiti chake, akaipa simu mgongo.

Nilimpigia mwanangu nikamwomba muda. Tukaelewana kama wanaume wawili wanaoheshimiana: angekuja mwisho wa likizo ya shule. Akikuta mama yake anaweza kuwasha taa na kumfungulia mgeni mlango bila kusimama, angeondoka peke yake. Akikuta hawezi, angeondoka naye.

Nimesomea kazi ya neno la Mungu. Nilikaa chuo cha Biblia miaka mitatu, halafu nikatembea vijiji vya Tarime na Serengeti kwa miguu na kwa baiskeli, nikihubiri na kufundisha, mpaka nywele zikawa nyeupe. Maisha hayo yalinizoeza kusubiri bila kuvunjika moyo. Kwa hiyo sikuwa na hofu. Tuliomba, mimi na yeye, na tulipomaliza nikaomba penseli.

Mwanangu alikuwa ametutumia, miezi michache nyuma, taa zinazowashwa kwa simu bila waya wowote. Nilizifunga mwenyewe vyumba vitatu, na siku ya kwanza tulicheka kama watoto. Baadaye zikaanza kutuchagulia siku za kutii. Bando likiisha, hazisikii. Simu ikiisha chaji, hazisikii. Umeme ukikatika na kurudi, zinawaka zote kwa pamoja, hata alfajiri mtu amelala. Mara moja moja simu yangu ilikuwa inanasa mtandao wa ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, na taa zikawa kama haziko. Na hata zilipotii, mke wangu ilimbidi ashike simu kwa mkono mmoja na kuibonyeza kwa mwingine, na huo mwingine ndio mgonjwa.

"Mimi nataka kitu cha kubonyeza kilichokaa ukutani," aliniambia. "Kisichokwenda popote. Nikiamka kipo, nikilala kipo."

Hilo ndilo lililoamua. Mkwe wetu, mume wa binti yetu, ni fundi wa umeme katika loji za watalii upande wa Serengeti, na nyumba yake iko Kisaka. Nilimweleza kwa simu. Akaniambia huko loji wanatumia mfumo wa nyaya. Kila kitufe ukutani kina waya wake mwembamba unaokwenda mpaka kwenye kabati moja ndani ya nyumba. Kitufe hakikati umeme chenyewe. Kinapeleka ujumbe tu, na kabati ndilo linalowasha taa, linafungua kitasa cha mlango, linaamsha pampu ya maji. Hauhitaji simu wala bando. Na ukiweka betri ndani ya kabati, umeme ukikatika mji mzima, wewe bado una taa chache na mlango wako.

"Ubaya wake, Baba," akasema, "ni kwamba lazima kuta zichimbwe. Na ukishapiga plasta, huwezi kubadili mawazo."

Plasta yetu ya zamani ilikuwa inabomoka hata hivyo. Nilisema tuchimbe.

Tulikubaliana kwamba fundi wa hapa mjini angechimba mifereji, angelaza mabomba ya plastiki na kuvuta nyaya, na mkwe angekuja mwishoni kuunganisha na kuufundisha mfumo kazi. Mpango nilichora mwenyewe. Nilizunguka na mke wangu chumba kwa chumba akiwa kwenye kiti, na kila mahali nilimwambia anyooshe mkono mzima, nikaweka alama ya penseli pale kiganja kilipofika. Vitufe vyetu viko chini kuliko vya watu wengine. Mgeni mrefu huviinamia.

Fundi alikuja kutoka Nyamisangura, kijana mwenye mikono mizuri na mdomo usiofungwa. Siku tatu nyumba yetu ya Nkende, hapa Tarime mjini, ilikuwa vumbi jekundu la tofali, mpaka uji tuliunywa nje. Siku ya nne akaniuliza swali ambalo nililijibu haraka kupita maswali yote.

"Mzee, hili kabati likae wapi? Koridoni pana nafasi nzuri."

"Chumbani kwetu."

"Koridoni nyaya zitakuwa fupi."

"Mura," nikamwambia, kwa jina tunaloita vijana wetu, "huku kwetu kitu cha thamani kinalala tunapolala sisi. Baba yangu aliweka kichwa chake kwenye ukuta wa zizi la ndama, apate kusikia mkono wa mwizi. Unataka moyo wa nyumba yangu nikauning'inize koridoni, kila anayekuja kuomba chumvi aupite?"

Alicheka akasema yeye habishani na mwenye nyumba hata siku moja. Akalifunga kabati kwenye ukuta wa chumba chetu, kwa chini kidogo, mkabala na kitanda. Nyaya zote zikavutwa mpaka pale, zikakatwa kwa urefu wa pale, na plasta ikapigwa. Nilisimama mlangoni nikaitazama kazi na kuridhika nayo kabisa.

Mkwe alifika siku kumi kabla ya siku ya mwanangu. Alinisalimu shikamoo kwa kuinama, akaketi kiti cha karibu na mlango wa nje. Mke wangu alikuwa sebuleni, upande wake wa mbali. Wakasalimiana bila kupeana mikono na bila kutazamana usoni, kama desturi yetu inavyotaka kati ya mama mkwe na mkwe wa kiume. Alikunywa chai, akafungua begi la vifaa, akasimama.

"Sasa Baba, kabati liko wapi?"

Nikamwonyesha mlango wa chumba chetu.

Alitazama ule mlango, kisha akatazama sakafu. Akakaa tena kiti chake, taratibu, kama mtu aliyekumbuka kitu.

Mpaka alipokaa, ilikuwa haijaniingia akilini. Kwa Wakurya, chumba anacholala mama mkwe hakiingiwi na mkwe wa kiume. Hata awe hayumo, kitanda chake kimo, na hicho kinatosha. Sisi wa kanisa tuliacha mambo mengi ya wazee, lakini hili hatukuliacha, na mimi mwenyewe nimelifundisha kwenye maharusi ya watu. Mkwe aliponiambia kwenye simu kwamba kabati likae mahali salama, hakuniuliza mahali gani, kwa sababu ya heshima. Nami sikumweleza, kwa sababu sikuliona kuwa jambo la kueleza.

Nilijaribu kulipita kwa cheo changu. "Mwanangu," nikasema, "hii ni kazi ya kumsaidia mgonjwa. Mungu anaangalia moyo. Mimi mzee wa kanisa ninakuruhusu, ingia."

Mke wangu akadakia kabla mkwe hajajibu. "Asiingie!"

"Mama," nikamwambia, "ni dakika chache tu."

"Dakika chache kwako. Mimi nitauweka wapi uso wangu? Wewe uliyemfundisha binti yako kuwaheshimu wakwe zake, leo umechoka?"

Mkwe aliinamisha kichwa. "Baba, na mimi siwezi," alisema kwa upole. "Hata ukiniamuru."

Nilitoka nje nikasimama karibu na tenki la maji. Nilikuwa nimezoea kuwaambia watu kwamba kosa la kutouliza ni kosa la kiburi. Sasa nililiona kwangu, na nikalikiri kwa Mungu palepale, kwa maneno machache. Kubomoa plasta na kuhamisha kabati kusingewezekana. Nyaya zilikuwa zimeshazikwa ukutani kuelekea chumbani, na muda wa kuchimba upya haukuwepo. Kuhama chumba kusingefaa pia, maana kile ndicho pekee chenye mlango mpana wa kupitisha kiti na choo ubavuni. Lakini nilirudi ndani nikiwa na amani. Nilijua lipo jibu, ila halikuwa langu.

Jibu lilitoka kwa mke wangu. "Mwite mke wake," alisema.

Binti yetu alifika kesho yake mchana, vumbi la njia limemjaa nyusi, amebeba kuku wawili. Ni mkulima, na mume wake akamwambia mbele yetu wote kwamba hajawahi kushika bisibisi.

"Nimeshika jembe," akamjibu. "Bisibisi ina nini jembe halina?"

"Jembe likikosea halikurushi ukutani."

"Basi zima umeme, mwalimu, tuanze."

Wakaanza hivi: binti chumbani, mbele ya kabati, mume wake sebuleni, kiti kimegusa ukuta, anaelekeza kwa sauti, mimi mlangoni katikati, nikipokea maneno yaliyopotea njiani na kuyarudisha. Ndipo tukagundua jambo la pili. Fundi alikuwa ameandika namba kwenye vipande vya utepe, kila waya na namba yake, na unyevu wa plasta mbichi ulikuwa umevibandua karibu vyote. Zilikuwa zimening'inia nyaya zaidi ya ishirini zinazofanana, na hakuna aliyejua upi unatoka wapi.

"Nipigie picha," mkwe akasema.

"Kwanza tandika kitanda!" mama mkwe akaita kutoka jikoni. "Na upige karibu. Shuka yangu isitokee kwenye simu."

Picha ilipigwa, nyaya tupu, lakini haikusaidia. Mkwe akauliza kwa aibu kama wangeweza kuonana kwa video.

"Hiyo video," mke wangu akasema, "ni kuingia kwa mlango mwingine."

Kwa hiyo tukafanya kazi kwa njia ndefu. Binti alipewa kipimo kidogo kinacholia kikigusa waya ambao kitufe chake kimebonyezwa. Mtu mmoja alitakiwa azunguke nyumba akibonyeza kitufe kimoja kimoja na kukishikilia, mpaka kipimo kilie kwenye waya wake. Nikainuka niende.

"Kaa chini," mke wangu akaniambia. "Vitufe ni vyangu."

Alizungusha gurudumu lake kwa mkono mzima na kusukuma kwa mguu mzima, akaenda mpaka kitufe cha barazani. Akabonyeza. "Nimeshika!" Tukasubiri. Chumbani binti alikuwa anagusa waya mmoja baada ya mwingine, na alipoufikia wenyewe kipimo kikalia kama kifaranga.

"Kimelia! Huu ni namba ngapi?"

"Andika moja," mkwe akasema kupitia ukutani.

"Moja ya wapi?"

"Barazani," mke wangu akajibu. "Nakwenda jikoni. Msinikimbize."

Ilituchukua siku mbili. Zilikuwa siku za kelele na kicheko kuliko nyingi tulizowahi kuwa nazo ndani ya nyumba ile. Binti alimlalamikia mumewe kwamba anaelekeza kama mtu anayeogopa kulipia maneno. Mumewe alimwambia akiendelea hivyo loji watamwajiri yeye na kumwachisha kazi mumewe. Mke wangu alipochoka tulisimama, tukaimba wimbo mmoja, tukanywa chai, na aliposema "haya" tukaendelea. Jioni ya siku ya pili binti alipitisha waya mrefu wa kompyuta chini ya mlango wa chumba, na mkwe, akiwa na kompyuta yake mapajani sebuleni, akaufundisha mfumo: kitufe hiki kiwashe hiki, na kile kifungue kile.

Tulipowasha mara ya kwanza, mke wangu alibonyeza taa ya jikoni, na pampu ya maji ikaunguruma nje. Akabonyeza pampu, jikoni kukawaka. Mkwe akaanza kupekua kompyuta, uso umekunjamana.

"Si kompyuta," mke wangu akasema, akimwambia binti yake ili ujumbe ufike kwa mkwe. "Namba nane na tisa mmezichomeka kinyume. Nilipobonyeza pampu, kuku aliingia huko chumbani, wewe ukaacha kazi ukacheka. Ndipo ulipokosea."

Binti akarudi kabatini, akageuza nyaya mbili. Kukawa sawa. Mkwe alisahau desturi kwa muda kidogo, akamtazama mama mkwe wake moja kwa moja kwa mshangao, kisha akashusha macho haraka. Mke wangu alijifanya hakuona.

Siku zilizobaki alijifunza. Nilimkuta asubuhi amekaa katikati ya sebule, macho amefumba, anataja namba na mahali pake kama anayekariri mistari. Kitasa cha mlango wa mbele kilikuwa kimewekwa cha umeme, chenye ufunguo wa akiba kwa nje ninaotembea nao, na kitufe chake kikawa karibu na kitanda, kingine karibu na kiti chake cha sebuleni. Alimfungulia jirani mara nyingi kuliko jirani alivyokuwa na shida ya kuingia.

Mwanangu alifika Jumamosi mchana. Kabla hajapiga hodi mlango ukalia *kle*, ukaachia. Akaingia akamwinamia mama yake, akamsalimu, akatazama vitufe ukutani kimoja kimoja. Namfahamu, ni mtu wa kupima. Siku ile alimtazama mama yake akiwasha na kuzima, na alipolala sikujua ameamua nini.

Jumapili, baada ya ibada, alikwenda mjini kununua nyama. Mvua ikashuka, ya mawe, na umeme ukakatika mtaa mzima. Mimi nilikuwa nimesinzia kitini. Nilichosikia ni miguu ya mtu anakimbia barazani, na mlango ukafunguka kabla sijapata kuinuka. Mwanangu akasimama mlangoni akichuruzika maji, taa ya sebule inamwakia usoni.

"Mama, umeme si umekatika?"

"Umekatika kwa majirani. Futa miguu."

Akafuta miguu. Akakaa, nyama bado iko mkononi. "Na hiki kitu kikiharibika, nani atakitengeneza?"

"Dada yako."

"Dada? Yule aliyeshindwa kubadilisha betri za redio?"

"Huyo huyo. Na akiwa mbali, nitamwelekeza mimi."

"Namba kumi na moja ni nini?"

"Taa ya choo."

"Kumi na nne?"

"Kengele ya kumwita baba yako akiwa nyuma kwa ng'ombe. Na usinifanyie mtihani. Mimi ndiye niliyekufundisha kuhesabu."

Mwanangu alicheka kwanza kidogo, halafu sana, mpaka akaweka nyama chini. Mama yake hakucheka. Alikuwa anamtazama, na mkono wake mzima ulikuwa umekamata ukingo wa kiti kwa nguvu.

"Nitaondoka kesho," mwanangu akasema. "Alfajiri, niwahi kazini."

"Na mimi?"

"Wewe utanifungulia mlango nikirudi Krismasi."

Mke wangu akauachia ukingo wa kiti. Akasema asante, si kwa mwanawe, macho yalikuwa juu; nami nikaitikia amina.

Mvua ilipokatika mwanangu aliniomba nimfuate kwenye gari. Viti vya nyuma alikuwa amevilaza vyote, na juu yake kulikuwa na godoro jipya lenye nailoni yake, alilokuja nalo ili mama yake alale vizuri njiani mpaka Mwanza. Alilivuta, akanipa pembe mbili za mbele, yeye akashika za nyuma, tukalibeba tukiruka madimbwi. Pamoja na uzee wangu nilikwenda kinyumenyume, sioni ninakokwenda, nikijiandaa kusimama tuhangaike na kitasa. Tulipofika barazani mlango ulikuwa umeshafunguka.